Uamsho wa Gahini: Toba iliyopimwa kwa deni lililolipwa

Na Mwandishi Wetu wa Kanda

MFANYABIASHARA anayetoka Uganda na mzigo wa Kigali kupitia mpaka wa Kagitumba hupita Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Wengi hupita bila kusimama. Lakini katika miaka ya 1930, kituo cha misheni cha hapo kilikuwa kitovu cha vuguvugu la Kikristo lililovuka mipaka ya Afrika Mashariki, likiwauliza waumini swali zito: ibada yako inaonekana wapi, kanisani au kwenye daftari la madeni?

Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda. Wote wawili walihisi imani yao imepoa. Wakakaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini, na moto ukawaka huko.

Kanisa lilijaa, mioyo ilipoa

Kanisa la Anglikana nchini Uganda halikuwa na upungufu wa waumini wakati huo. Ubatizo ulimpa mtu jina jipya na heshima mbele ya watu. Hilo ndilo lililomsumbua Kigozi. Aliandaa hoja za kupeleka kwenye sinodi: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini wanaoishi katika dhambi ya wazi wanakaribishwa mezani pa Bwana? Alifariki Januari 1936 kabla ya kuziwasilisha. Neno lake “Zukuka”, yaani amka, likabaki.

Waliomfuata waliitwa Balokole. Kwa Kiswahili, Walokole. Kwao, kukiri dhambi kwa mdomo hakukutosha. Aliyeiba alirudisha mali kwa mwenyewe. Aliyekwepa kodi alikwenda kulipa. Mwenye deni la zamani alimtafuta anayemdai, hata kama mdai alikwisha kusahau. Mfano wao ulikuwa katika Injili: Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Uamsho ukaenea Burundi, Kenya na Tanganyika. Haukupendwa na wote. Mwaka 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa kukaidi amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri. Wakati wa Mau Mau, baadhi ya Walokole wa Kenya waliuawa kwa kukataa kiapo, na pia walikataa kubeba silaha za serikali ya kikoloni.

Toba nayo ikawa desturi

Hata hivyo, historia yao ina onyo. Kadiri miaka ilivyopita, ushuhuda ulianza kufuata mtindo mmoja: maneno yale yale, wimbo ule ule, salamu ile ile. Mtu aliweza kuyajua yote hayo na moyo wake usiguswe. Miaka ya 1970 likazuka Uganda kundi la Bazukufu, yaani walioamka tena, wakisema wenzao wamelala. Nao wakaweka makatazo yao, likiwamo la kukopa. Dawa ya desturi ikazaa desturi nyingine.

Hapa ndipo somo linapotufika sisi wa mipakani. Tunazo ishara nyingi: mstari wa Biblia kwenye kioo cha lori, jina la duka lenye neno “Neema”, fungu la kumi linalotolewa kila Jumapili. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara walioshika Sabato huku wakihesabu saa iishe, wakarudi sokoni na kipimo kidogo na mizani ya udanganyifu.

Mkulima aliyejaziwa lumbesa hajui mnunuzi wake anasali wapi. Dereva aliyezungushwa malipo yake wiki tatu hakusikia jinsi bosi wake alivyoomba kwa machozi. Wanachokijua ni gunia na ahadi.

Walokole wa kwanza walilielewa hilo. Ndiyo maana wengi wao, kabla ya kurudi kwenye ibada, walikwenda kwanza kubisha hodi kwa mtu waliyemdhulumu. Safari hiyo haikuhitaji kwaya wala mimbari, na mara nyingi iliwagharimu fedha.