Fahamu: Mafuta ya gari huishia wapi?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta Tanzania, madereva huikodolea macho pampu. Akiba kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye mguu wa kulia wa dereva.

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kukanyaga mafuta kwa pupa na kufunga breki ghafla hupunguza umbali ambao gari huenda kwa kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye foleni. Kila breki hugeuza mwendo, ambao mafuta yameshaulipia, kuwa joto linalopotea hewani. Anayeiona taa nyekundu kwa mbali akaachia mafuta mapema hupoteza kidogo sana.

Kasi nayo ina gharama. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, ukinzani wa hewa huzidi maradufu. Keria tupu juu ya paa huuongeza bure. Ni heri iondolewe.

Upepo wa matairi nao huathiri ulaji wa mafuta, hivyo haufai kukisiwa. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si ubavuni mwa tairi, ambako huandikwa kiwango cha juu kabisa.

Na vile vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta? EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imechunguza zaidi ya 100, wala haikupata hata kimoja chenye nafuu kubwa.