Mtoto Anayejichafua: Si Utundu, ni Choo Kilichofunga

Yako maradhi ambayo wazazi huyazungumza barazani bila kuona haya, kama homa, kikohozi na surua. Liko na jambo jingine ambalo husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi halisemwi kabisa. Ni la mtoto aliyekwisha kutimiza miaka 4, 5 au hata 8, mwenye akili timamu na nguvu za kucheza mpira, ambaye kila mara hurudi nyumbani na kaptura iliyochafuka kwa haja kubwa. Baba hukasirika, mama hufua huku moyo ukimuuma, na wenzake shuleni humpachika jina la dhihaka. Makala hii inakusudia kueleza kwamba kwa walio wengi miongoni mwa watoto hao kosa si la tabia. Wamefunga choo.

Tuanze na umri. Watoto wengi hujifunza kuzuia haja zao za mchana kati ya miaka 2 na 4, na kila mmoja ana mwendo wake. Ndiyo maana madaktari hawahesabu kujichafua kuwa ni ugonjwa kabla mtoto hajatimiza miaka 4. Akishavuka umri huo na bado anajichafua, jambo la kwanza la kuchunguza ni kama utumbo wake umejaa choo kikavu. Wavulana hupatwa na hali hii zaidi kuliko wasichana.

Hapana shaka msomaji atauliza: itakuwaje mtoto aliyefunga choo awe ndiye huyo huyo anayevujisha choo?

Chukua mfano wa mtoto wa Msimbati, kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi na mikorosho, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Tangu asubuhi mtoto huyu yuko ufukoni, jua kali, anakimbia na wenzake. Jasho linamtoka na maji ya kunywa hakumbuki. Mchana anakula ugali wa muhogo na samaki. Ni chakula kizuri chenye kujenga mwili, lakini samaki hana nyuzinyuzi hata kidogo, na bila mboga wala maji ya kutosha choo huwa kigumu. Siku moja anakwenda haja, choo kinampasua kidogo, anasikia maumivu makali.

Kesho yake haja inapomjia, anayakumbuka yale maumivu. Anabana matako, anasimama juu ya vidole vya miguu, anajificha nyuma ya mnazi huku uso umemwiva. Mzazi akimwona hudhani anajikamua, kumbe anazuia. Haja inapita, naye anarudi mchezoni. Lakini kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Kila siku choo kinapobaki ndani kinazidi kukauka na kukua, na siku kitakapotoka kitauma zaidi ya mwanzo. Hivyo maumivu huzaa hofu, hofu huzaa kuzuia, na kuzuia huzaa maumivu mapya.

Mambo yakiendelea hivyo kwa wiki na miezi, sehemu ya mwisho ya utumbo, iitwayo puru, hutanuka. Puru iliyotanuka hulegea, na hisia ya kumwambia mtoto kwamba haja imefika hufifia. Hapo choo laini kinachotoka juu hupenya pembeni mwa lile bonge gumu na kuvuja katika nguo. Mtoto hajui kwamba kimetoka. Hata harufu haisikii vizuri, kwa kuwa pua yake imekwisha kuizoea. Anaposema, "Mama, sikujua," anasema kweli.

Wazazi wengi hapa hufanya makosa mawili. La kwanza ni fimbo. Husema samaki mkunje angali mbichi, wakamchapa mtoto kwa jambo asilolihisi. Fimbo huongeza hofu, na mtoto mwenye hofu huzidi kujibana na kuficha nguo zilizochafuka. La pili ni kudhani kwamba mtoto anaharisha, akapewa dawa ya kufunga tumbo. Dawa hiyo humfunga zaidi. Kuharisha kwenyewe huanza ghafula, kwa choo kingi cha majimaji, na mtoto huhitaji maji ya chumvi na sukari pamoja na zahanati bila kuchelewa. Huku kuvuja huja kidogo kidogo, siku nyingi, na pengine mara moja kwa wiki mtoto hutoa choo kinene cha kushangaza. Tumbo lake laweza kuwa na uvimbe mgumu upande wa chini. Aidha, puru iliyojaa hukandamiza kibofu, na kwa sababu hiyo baadhi ya watoto hawa hukojoa kitandani.

Tuangalie na choo chenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwahimiza Watanzania kuchimba vyoo, na ilifanya kazi kubwa. Lakini choo cha shimo hupimwa kwa miguu ya mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka 4 lile tundu ni pana, lina giza, na ardhi ya mchanga kama ile ya pwani, isipojengewa vizuri, hutitia. Mtoto anayeogopa kutumbukia atazuia haja yake. Mjini nako, nyumba ya wapangaji wengi ina choo kimoja, kila asubuhi foleni, na mtoto ndiye wa kusukumwa nyuma. Shuleni mlango hauna komeo, au mwalimu hatoi ruhusa wakati wa somo.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtoto apelekwe zahanati. Bonge lililokwisha kukaa haliondoki kwa mboga peke yake. Huondolewa kwa dawa ya kulainisha choo, kama vile laktulosi, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Siku za mwanzo kuvuja kwaweza kuongezeka, na mzazi asishtuke. Dawa huendelea kwa miezi, kwa sababu puru iliyotanuka huchukua muda kurudi hali yake. Wanaoiacha mara nguo zinapokuwa safi huona ugonjwa ukirudi. Wala mtu asimtie mtoto maji ya sabuni au ya mizizi kwa njia ya nyuma; humuumiza na kumzidishia hofu.

Pili, chakula. Kisamvu, mchicha, matembele, mlenda, kunde, mbaazi, papai na embe vyote vina nyuzinyuzi, na havihitaji fedha za kigeni. Maji ya kunywa yawe karibu na mtoto. Anayeshibishwa chai, mkate mweupe au maziwa mengi mchana kutwa hukosa nafasi ya vyakula hivi.

Tatu, wakati. Utumbo huamka baada ya kula. Mpeleke chooni kila baada ya chakula, akae dakika 5 hadi 10 bila haraka. Kuchuchumaa ni mkao mzuri, mradi nyayo zake zimekanyaga imara. Mwekee ubao wenye tundu dogo, au mpe poti, na umsimamie karibu. Msifu kwa kukaa, hata kama hakikutoka kitu. Nguo ikichafuka, mbadilishe kwa utulivu pasipo maneno.

Ziko dalili zisizongoja: mtoto aliyechelewa kutoa choo cha kwanza zaidi ya siku 2 tangu kuzaliwa, tumbo linalofura, kutapika, damu katika choo, kukonda, au miguu kuwa dhaifu. Pengine ni ugonjwa wa utumbo uliokosa mishipa ya fahamu, ambao Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliueleza mwaka 1886, nao hutibiwa kwa upasuaji. Mtoto kama huyo apelekwe hospitali, kama vile Ligula ya Mtwara au Muhimbili ya Dar es Salaam.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Baba na mama wakilizungumza jambo hili na mganga, na mwalimu akaelezwa ili mtoto aruhusiwe kutoka anapoomba, mtoto atatibiwa. Litakalobaki ni kumngojea kwa subira, mwezi hata mwezi, na ile fimbo itupwe jikoni iwe kuni.