Toba yenye hesabu

Wengi wetu tukipiga magoti husema, "Bwana, utusamehe tuliyotenda kwa kujua na kwa kutojua." Kisha amina. Nami husema hivyo, hasa siku ambazo najua fika nilichofanya.

Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, hakutubu kwa jumla (Luka 19:1-10). Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Torati ilimtaka anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu (Hesabu 5:7). Yeye alipita hapo, tena mbele ya watu waliokuwa wakimnung'unikia.

Leo ukiomba, taja dhambi moja kwa jina lake. Kama ni pesa ya jirani, huenda ukalazimika kumpigia simu kabla ya amina.