Bastola ipi ya kubeba mwituni Alaska?

Mwanzoni mwa Februari 2022, Bridgett Watkins alikuwa mazoezini na mbwa wake wa kuvuta sleji nje ya Fairbanks, Alaska, wiki chache kabla ya mashindano ya Iditarod. Njiani akakutana na musi. Huyu ni mnyama wa jamii ya kulungu, lakini undugu huo usikudanganye: dume la Alaska lililokomaa linaweza kupita kilo 600, na akikasirika silaha yake ni kwato. Watkins alikuwa na bastola. Akafyatua, akafyatua tena, mpaka risasi zikamwishia. Musi hakuanguka. Aliendelea kuwakanyaga mbwa waliofungwa kamba, wasioweza kukimbia, kwa karibu saa nzima, mpaka rafiki alipofika na bunduki kubwa na kummaliza. Mbwa wanne waliumia.

Bastola yenyewe ilikuwa ya .380, aina ndogo ambayo Wamarekani wengi huibeba mjini kwa ajili ya wezi. Kwa kazi hiyo inatosha. Msituni, mbele ya mnyama mwenye mifupa minene na misuli ya kina kirefu, risasi yake huishia njiani kabla ya kufika kwenye moyo au ubongo.

Kwa hiyo watu wa Alaska wanapojadili bastola ya kubeba mwituni, hawajadili jambo la kujionyesha. Jimbo hilo linakadiriwa kuwa na dubu kahawia wapatao 30,000 na dubu weusi 100,000 hivi, na vijiji vingi havifikiki kwa barabara. Mvuvi anayefuata samaki aina ya salmoni mtoni anajua kuwa dubu naye anamfuata samaki yuleyule. Mchuma matunda, mpima ardhi, mwindaji, mtembezi wa kawaida mwenye mkoba mgongoni, wote hupita katika vichaka ambavyo macho hayaoni hatua kumi mbele.

Iditarod, mbio za sleji za takribani kilomita 1,600 kutoka eneo la Anchorage hadi Nome, imetoa mafunzo mengi juu ya jambo hili. Mwaka 1985 Susan Butcher alikuwa akiongoza mbio hizo musi alipoingia katikati ya mbwa wake. Hakuwa na bunduki. Alijaribu kumzuia kwa shoka na kwa koti lake la baridi, na mnyama akazidi kukanyaga, hadi mshindani wake Dewey Halverson alipofika na silaha na kumpiga. Mbwa wawili walikufa, wengine wengi wakajeruhiwa, na Butcher akajitoa. Mwaka huo ushindi ulikwenda kwa Libby Riddles, mwanamke wa kwanza kushinda Iditarod. Butcher alirudi mwaka uliofuata na kushinda, kisha akashinda tena mara tatu.

Miaka 39 baadaye, usiku wa manane Machi 2024, Dallas Seavey, mshindani wa mbio hizohizo, alikuwa ametoka kituo cha Skwentna musi alipojinasa kwenye kamba za mbwa wake. Seavey alikuwa na bastola, na ilimwangusha musi. Mbwa mmoja aliumia vibaya. Lakini kanuni za mbio zinasema ukiua musi kwa kujihami, ni lazima umtoe matumbo ili nyama isiharibike, maana nyama hiyo huenda kulisha watu. Waamuzi waliona Seavey hakuifanya kazi hiyo ipasavyo, wakamwadhibu kwa kumwongezea saa mbili. Hata hivyo alishinda, ushindi wake wa sita, rekodi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yake.

Basi ni bastola ipi?

Kwa miaka mingi jibu la Alaska lilikuwa moja tu: rivolva ya .44 Magnum. Namba hizo hutaja takribani kipenyo cha risasi kwa inchi, na Magnum huashiria risasi iliyoshindiliwa baruti nyingi kuliko kawaida. Smith & Wesson waliitoa katikati ya miaka ya 1950, baada ya Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa mambo ya silaha, kuipigania kwa muda mrefu. Ulimwengu uliifahamu mwaka 1971 Clint Eastwood alipoibeba katika filamu ya Dirty Harry, lakini wavuvi na wawindaji walikuwa wanaijua tayari. Nguvu yake mtutuni ni karibu mara tatu ya bastola ya kawaida ya milimita 9 inayobebwa na polisi wengi duniani.

Baadaye zikaja kubwa zaidi. Mwaka 2003 Smith & Wesson walitoa .500 Magnum, rivolva inayopita kilo mbili katika baadhi ya matoleo na yenye nguvu inayokaribia ya bunduki ya kuwindia. Ruger nao wakatengeneza rivolva fupi nene na kuiita kwa jina lenyewe la Alaska. Ni silaha za kutisha, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Mtu anaingia dukani akiwaza ukubwa wa dubu, anatoka na bastola kubwa kuliko mkono wake. Anaipeleka shabaha mara moja, inampiga teke hadi kiganja kinaota lengelenge, anaifungia kabatini hadi siku ya safari. Akikutana na dubu ataipiga ya kwanza hewani, na ya pili haitawahi.

Hesabu yenyewe haina huruma. Dubu kahawia hukimbia hadi kilomita 56 kwa saa, yaani zaidi ya mita 15 kwa sekunde. Akitokea kichakani mita 30 mbele yako, una sekunde mbili, si zaidi. Ndani ya sekunde hizo mbili inabidi utambue kwamba anakuja kweli na hatishi tu, kwani dubu wengi hukurupuka kisha wakasimama au kugeuka. Inabidi uachie fimbo ya kutembelea, utoe bastola, ulenge kichwa kinachopanda na kushuka kwa mbio, na ufyatue. Aliyezoea anaweza kupiga mbili, labda tatu. Risasi ndogo iliyoingia mahali pake hushinda kubwa iliyopita pembeni. Mwaka 2016 kiongozi mmoja wa wawindaji wa Alaska, mzoefu wa miongo mingi, alimwangusha kwa bastola ya milimita 9, kipimo ambacho wengi wangekicheka, dubu kahawia aliyewavamia wageni wake. Aliijaza bastola hiyo risasi ngumu za kupenya, na alijua pa kupiga.

Aina ya risasi ndiyo inayosahauliwa kuliko yote. Bastola ya kujihami mjini hujazwa risasi zenye tundu puani, ambazo hufunuka zikigonga mwili ili zisipite na kumwumiza mtu wa nyuma. Kwa dubu hilo ni kosa: risasi ikifunuka mapema inaishia kwenye mafuta na misuli ya bega. Wazoefu hutumia risasi nzito ya madini yaliyoimarishwa yawe magumu, yenye pua bapa, isiyofunuka, inayopasua mfupa na kuendelea mbele.

Katika miaka ya karibuni wengi wamehama kutoka rivolva kwenda bastola ya magazini ya milimita 10, kipimo kilichozaliwa mwaka 1983. Glock 20 ndiyo maarufu zaidi: inabeba risasi 15 mahali ambapo rivolva ina tano au sita, na teke lake linavumilika. Ushahidi wa kuaminika unatoka mbali na Alaska, huko Greenland. Sirius, doria ya kijeshi ya Denmark inayozunguka pwani tupu ya kaskazini-mashariki kwa sleji za mbwa, huibeba Glock 20 kwa sababu ya dubu wa barafu, na pembeni yake hubeba bunduki za muundo wa mwaka 1917, zinazopendwa kwa kuwa hazigandi kwenye baridi kali.

Rivolva bado ina hoja moja nzito. Dubu akishamlaza mtu chini, mtutu hubanwa kwenye manyoya na nyama. Bastola ya magazini ikisukumwa hivyo, sehemu yake ya juu hurudi nyuma kidogo na inaweza kukataa kufyatua. Rivolva haina sehemu hiyo, na kidole kikivuta italia hata ikiwa imegandamizwa kifuani mwa mnyama. Kwa asiyefanya mazoezi kila mwezi, rivolva ya .357 au .44 anayoimudu ni chaguo la busara. Anayepiga shabaha mara kwa mara atapata zaidi kwenye milimita 10.

Pa kuibeba napo pana uzito sawa na bastola yenyewe. Bastola iliyo ndani ya mkoba wa mgongoni ni mzigo tu. Kiunoni, mkanda wa mkoba huifunika, na mvuvi aliyevaa suruali ndefu ya mpira hawezi kuifikia kabisa. Ndiyo maana watu wengi wa Alaska huivaa kifuani: mikanda hupita begani na mgongoni chini ya mkoba, bastola hulala mshazari juu ya mfupa wa kifua, mpini ukielekea mkono wa kulia. Mtu akikaa, akiinama, akivuka mto, inabaki palepale, na hata akiwa ameangushwa chali bado mkono unaifikia.

Hapa kuna jambo ambalo wauza silaha hawalisemi kwa sauti. Mwaka 2008 watafiti Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchunguzi wa matukio 83 ya Alaska, kati ya 1985 na 2006, ambamo watu walitumia kopo la pilipili ya kupulizia dubu. Kopo hilo lilimzuia dubu kahawia kwa asilimia 92 na dubu mweusi kwa asilimia 90, na asilimia 98 ya waliolibeba hawakuumizwa. Mwaka 2012 Smith na wenzake wakachapisha uchunguzi wa silaha za moto: matukio 269, tangu 1883 hadi 2009. Bastola zilimzuia dubu kwa asilimia 84, bunduki ndefu kwa asilimia 76, tofauti ambayo wenyewe hawakuiona kuwa ya maana kitakwimu. Na waliofyatua waliumizwa kwa kiwango kilekile cha waliokuwa na silaha bila kuitumia.

Wapenda bastola hubisha kwamba matukio ya makundi hayo mawili hayafanani, kwamba dubu aliyepuliziwa pilipili mara nyingine alikuwa mdadisi tu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini haifuti ukweli kwamba wingu la pilipili linasamehe shabaha mbovu, na risasi haisamehi. Mwenye mikono miwili na mkanda mmoja, aanze na kopo. Bastola ije baadaye, kwa aliyekubali kuifanyia mazoezi, na kwa mazingira ambayo kopo halitoshi, kama musi aliyenasa kwenye kamba za mbwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa kwamba raia anaachiwa haya yote ayaamue mwenyewe. Kwenye matembezi ya miguu katika hifadhi za Tanzania, bunduki hubebwa na askari wa wanyamapori, naye mgeni hufuata nyuma. Kuna uzi unaounganisha pande hizo mbili: mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilipopima silaha za kujikinga na dubu Alaska kwa umbali mfupi, risasi ya .458, iliyobuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya nyati na tembo wa Afrika, ilikaa juu kabisa, na bastola zikabaki mbali nyuma ya bunduki ndefu.

Sheria za Alaska ni nyepesi. Tangu 2003, aliyetimiza miaka 21 na asiyezuiwa na sheria hahitaji kibali kubeba bastola, hata iliyofichwa. Tangu Februari 2010, silaha huruhusiwa pia katika hifadhi za taifa za Marekani kwa kufuata sheria ya jimbo, ingawa kufyatua ovyo humo ni kosa. Mgeni mwenye viza ya utalii hahesabiwi humo: sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki au kubeba silaha isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Anayevuka mpaka kuingia Kanada aiache nyumbani kabisa, maana huko biashara ya bastola kwa raia ilifungwa Oktoba 2022.

Aliyeua dubu kwa kujihami hana haki ya kumchukua. Sheria ya Alaska inamtaka amchune, ngozi ikiwa na kucha zake, akabidhi ngozi na fuvu kwa serikali na kuandika taarifa ndani ya siku 15. Ni kazi ya saa nyingi, na hufanyika porini, pengine karibu na mahali ambapo dubu wengine wanakula.

Na kuna la mwisho la safari yenyewe. Bastola isiyo na risasi, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli na ikiwa imetangazwa kaunta, husafiri kwenye mizigo ya ndege za Marekani. Kopo la pilipili ya dubu haliruhusiwi, si mkononi wala kwenye mizigo, kwa hiyo hununuliwa Anchorage baada ya kutua. Anayeendelea na ndege ndogo ya kutua majini amwambie rubani kabla ya kupanda kwamba ana kopo hilo. Marubani wengi huliweka nje, ndani ya maboya ya ndege, kwani likivuja humo ndani angani hakuna atakayeona usukani.