Kilo Moja Mkononi, Kilomita 389 Angani

Kwa sisi tuliokua tukimfukuza mwewe kwa mawe asibebe vifaranga, kumkaribisha ndege wa jamii hiyo atue mkononi kunahitaji moyo. Lakini ukishavaa glavu nene ya ngozi, kinachokushangaza kwanza si makucha, ni wepesi. Kozi jike, yule Waarabu wanayemwita shahini, ana uzito wa mfuko mdogo wa sukari, kilo moja hivi. Dume ni mdogo zaidi, karibu kwa theluthi.

Na huyo ndiye kiumbe mwenye kasi kuliko wote duniani. Mmarekani Ken Franklin, mruka kwa mwavuli, alimzoeza kozi wake Frightful kuruka naye kutoka kwenye eropleni (ndege ndani ya ndege!). Katika kupiga mbizi, Frightful alipimwa kilomita 389 kwa saa. Lakini tusitie chumvi: akiruka sambamba na ardhi, kwa kawaida hafikii hata theluthi ya kasi hiyo.

Kwa kimo, kozi anaachwa mbali. Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi aligongana na eropleni juu ya Abidjan, mita 11,300 kutoka usawa wa bahari.

Ukitaka mzigo wa kweli, nenda kwa Wakazaki wa Bayan-Ölgii, Mongolia, wanaowinda kwa tai. Tai wao jike hufika kilo sita, kwa hiyo mwindaji aliye juu ya farasi huegemeza mkono kwenye mti wenye panda uliowekwa kwenye tandiko.

Kwa kudekezwa, hakuna wa kushindana na kozi wa Ghuba. Huko Abu Dhabi wana hospitali yao tangu 1999, na kila mwaka inapokea kozi takriban 11,000. Tangu 2002 kozi wa Emirati wana pasipoti. Wapo watu wengi wasiokuwa nayo.

Mdogo kuliko wote barani Afrika ni wetu: kozi wa gramu 60 hivi, anayeishi Tsavo na Tarangire katika viota vilivyojengwa na ndege wengine.

Jambo moja mgeni wa kuwinda kwa ndege huambiwa mapema: ndege hakupendi. Kila asubuhi hupimwa kwenye mizani, kwa sababu akinenepa kidogo tu hana haja na nyama iliyo kwenye glavu yako. Utapiga mluzi weee, naye ametulia juu ya mti, anakutazama.