Tezi Ndogo Chini ya Ubongo na Maziwa ya Mama

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo utusikilize. Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha, kwa maana mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe hasa.

Hebu tumfikirie mama mmoja. Alijifungua mtoto mzima, lakini baada ya kondo kutoka alivuja damu nyingi hata akazirai. Aliongezwa damu, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Siku ya tatu ikapita, juma likaisha, matiti hayakujaa. Mama mkwe akapika uji wa wimbi na supu, majirani wakaleta njugu. Maziwa hayakuja. Maneno nayo yakaanza: labda hataki kunyonyesha, labda ametupiwa jicho baya. Mwaka ukapita, hedhi haikurudi. Akawa mchovu kila siku, anajifunika sweta hata jua likiwaka. Watu wakasema ni mvivu.

Msikilizaji, mama huyu si mvivu wala hakurogwa. Ni mgonjwa. Ugonjwa wake una jina, na una dawa. Ili tuuelewe, inatubidi kwanza tujue tezi moja ndogo sana iliyo kichwani.

Tezi ya pituitari ni nini?

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya maharagwe. Uzito wake ni kama nusu gramu tu. Inaitwa pituitari. Kazi yake ni kutoa homoni. Homoni ni kama ujumbe unaosafiri ndani ya damu kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine.

Pituitari hutuma ujumbe mwingi. Huiambia tezi ya shingo, yaani thairoidi, itoe homoni inayoupa mwili joto na nguvu. Huziambia tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayotusaidia kustahimili ugonjwa na njaa na kuzuia shinikizo la damu lisishuke mno. Huamrisha ovari zikomaze mayai, na hivyo hedhi huja kwa mpango. Humfanya mtoto akue. Tena huyaambia matiti ya mama yatengeneze maziwa.

Inajuaje kiasi cha kutoa?

Wewe unayechemsha maziwa unajua jambo hili. Yakianza kuinuka, unapunguza moto. Yakitulia mno, unachochea. Macho yako hayaondoki kwenye sufuria.

Pituitari hufanya vivyo hivyo. Juu yake kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo msimamizi. Homoni ya tezi ya shingo ikipungua katika damu, haipothalamasi huiagiza pituitari, nayo pituitari huichochea tezi ya shingo. Homoni ikishatosha, wote wawili hutambua na kupunguza amri. Kwa njia hii mwili haupati homoni nyingi mno wala chache mno.

Sasa fikiria mpishi ameondoka. Jiko lipo, kuni zipo, sufuria ipo, lakini hakuna wa kuchochea. Pituitari ikiharibika, tezi ya shingo na ovari huenda zikawa nzima kabisa, ila hazipati amri. Moto unazimika polepole.

Mtoto anaponyonya

Homoni ya kutengeneza maziwa inaitwa prolaktini. Kwa kawaida haipothalamasi huizuia, kama breki inavyozuia gari. Kila mtoto anaponyonya, chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, breki inalegezwa, na prolaktini inapanda. Ndiyo sababu tunasema kila siku: mnyonyeshe mtoto mara nyingi, hasa usiku, kwa kuwa usiku homoni hii huwa juu zaidi.

Homoni ya pili ni oksitosini. Hutengenezwa na haipothalamasi na kuwekwa akiba katika sehemu ya nyuma ya pituitari. Hii ndiyo hukamua maziwa yatoke. Hofu, maumivu na maneno makali huweza kuichelewesha. Kwa hivyo mama anayenyonyesha ahitaji utulivu, na kumtuliza ni kazi ya nyumba nzima.

Oksitosini hukaza pia tumbo la uzazi. Umewahi kusikia tumbo likikukata unaponyonyesha siku za kwanza? Ni homoni hii inayobana mishipa ya damu ili usivuje. Hivyo mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa.

Damu inapovuja kupita kiasi

Wakati wa ujauzito pituitari huongezeka ukubwa, ikijiandaa kwa kazi ya maziwa. Tezi iliyokua inahitaji damu zaidi. Mama akivuja damu nyingi sana na shinikizo lake likashuka, tezi hiyo hukosa damu, na sehemu yake hufa. Daktari Harold Sheehan, aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, Scotland, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, nao ukapewa jina lake: ugonjwa wa Sheehan.

Usiogope bure. Wengi wanaovuja damu hupona, na maziwa yao huja. Tena maziwa kuchelewa siku chache peke yake si ugonjwa huu. Huenda mtoto hashiki titi vizuri, au mama amepungukiwa damu, au kipande cha kondo kimebaki tumboni. Yote haya yanahitaji mhudumu wa afya ayaangalie.

Dalili za kuangalia

Ikiwa ulivuja damu nyingi ulipojifungua, hata kama ni miaka mingi iliyopita, jiulize haya:

- Je, maziwa hayakutoka kabisa, au yalikuwa machache mno?
- Je, hedhi haikurudi, ingawa hunyonyeshi?
- Je, nywele za kwapa na za sehemu za siri hazioti tena?
- Je, unachoka kupita kiasi, unasikia baridi kuliko wenzako, unapata kizunguzungu unaposimama?
- Je, homa ndogo tu hukulaza kitandani na kukufanya uzirai?

Kama majibu mengi ni ndiyo, nenda hospitalini. Usiseme tu "nina uchovu". Sema hivi: "Nilivuja damu nyingi nilipojifungua, sikupata maziwa, na hedhi haijarudi." Maneno hayo matatu yakiwa pamoja humfungua daktari macho. Yakitengwa, uchovu hutibiwa kama upungufu wa damu, baridi kama malaria, na ukweli hupotea kwa miaka. Damu itapimwa homoni, na pengine kichwa kipigwe picha.

Matibabu

Tezi iliyokufa haifufuki, lakini homoni zake zinazokosekana hurudishwa kwa vidonge. Kwa kawaida daktari huanza na dawa ya kuchukua nafasi ya kotisoli, halafu ile ya tezi ya shingo. Utaratibu huo ni muhimu, kwa hivyo usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Vidonge hivi hunywewa maisha yote. Usiviache ghafla hata ukijisikia mzima. Ukipata homa, dozi huhitaji kuongezwa kama daktari alivyokuelekeza. Ukitapika na dawa hazikai tumboni, kimbia hospitalini upate sindano, maana hatari ya kifo ipo.

Maziwa mara nyingi hayarudi. Hata hivyo nguvu hurudi, na wako waliopata tena mimba wakisaidiwa na wataalamu. Mtoto aliyekosa titi na hajatimiza miezi 6, usimpe uji wala maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Muulize muuguzi la kufanya siku hiyo hiyo.

Tuzuie kabla halijatokea

Kinga kubwa ni kuzuia damu isivuje. Hudhuria kliniki ya wajawazito na unywe vidonge vya kuongeza damu. Jifungulie mahali penye mhudumu mwenye ujuzi. Mtoto akishatoka, ndani ya dakika moja, mama hupaswa kudungwa sindano ya oksitosini, ile ile homoni tuliyoitaja. Usikatae sindano hiyo.

Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipoipima damu kwa karatasi maalumu ya plastiki inayowekwa chini ya mama, na kumpa matibabu yote kwa pamoja mara moja, hatari ya kuvuja damu vibaya, kupasuliwa au kufa kwa sababu hiyo ilipungua kwa asilimia 60. Damu ikipimwa mapema, mama huokolewa. Nawe ukiwa nyumbani, sodo au leso ikilowa kabisa chini ya saa moja, usingoje asubuhi. Tafuta gari.

Swali tunaloulizwa mara nyingi

"Mimi nanyonyesha vizuri, na miezi minane imepita bila hedhi. Je, tezi yangu imeharibika?"

Hapana, mama. Prolaktini ya kunyonyesha ndiyo inayochelewesha hedhi. Maziwa yanayotoka ni ushahidi kwamba tezi inafanya kazi. Ila ukumbuke, baada ya miezi 6 unaweza kushika mimba kabla hujaona hedhi. Ongea na muuguzi kuhusu kupanga uzazi.

Basi, msikilizaji, tukumbuke neno moja kabla ya kuagana. Mama mkwe, baba wa mtoto, shangazi, jirani: mama aliyevuja damu nyingi na akakosa maziwa asilaumiwe. Ashikwe mkono, apelekwe hospitalini. Lawama hazijamletea mtoto yeyote maziwa, lakini kidonge kidogo kila asubuhi kinaweza kumrudishia mtoto mama yake.