Nyumba ya Wageni, Urithi wa Nani?

Ukijenga nyumba ya wageni katika njia ya Bukoba na Muleba, usifyeke kibanja. Migomba na mibuni ndiyo kivuli cha mgeni. Lakini siku utakapofariki, nani ataitunza kazi yako? Mabinti ndio wanaotandika vitanda na kupika ndizi! Wako wasemao mwanamke hana neno juu ya shamba la ukoo. Bibi mmoja wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akapinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Na wosia wako, umekwisha kuuandika?